Jinsi ya kuonja eli nyepesi ya asali na kuiandikia rivyu yenye msaada: mwongozo kamili

Kila nikimmiminia mtu eli ya asali, yani bia ya aina ya "ale" iliyopikwa na asali, kwa mara ya kwanza huwa namwangalia usoni, na karibu wote wanauliza swali lile lile, mbona haina asali? Wamesoma lebo, wameona picha ya nyuki, wamejiandaa kwa utamu, afu wanakutana na bia kavu, nyepesi, chungu kidogo. Basi wanaandika "asali hamna, wametudanganya", nyota mbili, kwisha. Inaniuma kwa sababu mara nyingi asali ipo, ila imekaa sehemu ambayo mtu hakuitafuta. Mi nimekulia Sikonge mkoani Tabora, mjomba wangu ana mizinga ya magome porini na nyumbani wanzuki, pombe ya asali, ilikuwa kinywaji cha sherehe, kwa hiyo suala la asali kugeuka kilevi nalijua toka utotoni, na hiki ninachoandika hapa ndo njia ninayoitumia mwenyewe kila nikionja bia za namna hii.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa jambo moja, maana ukilikosa hili hatua zote zilizobaki hazitakusaidia. Asali kwa uzito ni kama asilimia 80 sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni fruktosi na glukosi, sukari rahisi ambazo hamira inazila moja kwa moja bila shida. Kimea cha shayiri ni tofauti, kina sukari ndefu ndefu ambazo hamira inashindwa kuzimaliza, ndo zinabaki kwenye bia na kuipa uzito na utamu wa mbali. Kwa hiyo fundi anayepika bia akitoa sehemu ya kimea akaweka asali, bia haiwi tamu zaidi, inakuwa kavu zaidi na nyepesi zaidi mdomoni. Wanzuki ni hivo hivo, ile ya siku mbili ni tamu, ukiiacha ikaendelea kuchacha utamu unakwisha kabisa na ukali unabaki.

Na kiasi chenyewe sio kikubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 2012 Ikulu ya Marekani, enzi za Obama, ilitoa hadharani mapishi ya bia zake mbili za asali, asali ikitoka kwenye mzinga uliokuwa palepale kwenye bustani ya Ikulu. Ile ya rangi ya kahawia ilitaka ratili moja ya asali, yani kama gramu 450, kwa galoni 5 ambazo ni kama lita 19. Piga hesabu, kwenye chupa ndogo ya mililita 330 hapo unapata gramu 8 hivi, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na karibu sukari yote ya kijiko hicho imeliwa na hamira. Kinachobaki ni harufu ya maua, nta kidogo, na ule wepesi. Hivyo ndo vitu tunavyoenda kuvitafuta.

Hatua ya 1: Soma chupa kabla hujalipa

Tazama tarehe kwanza. Eli nyepesi haizeeki vizuri, tofauti na bia nzito za asilimia 9 au 10, na hii ya asali ukiinywa imezeeka utapotea kabisa (nitaeleza mbele kwa nini, hapo ndo watu wengi wanapochemka). Ikiwa ina miezi mitatu au pungufu toka iwekwe kwenye chupa na ilikaa kwenye friji, safi sana. Kama ilikaa rafu ya dirishani juani iache hata kama imepunguzwa bei, hasa chupa nyeupe au ya kijani, kwa sababu mwanga unavunja vitu vya uchungu vinavyotoka kwenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na bia inatoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, kopo linakinga kabisa.

Afu soma viungo. Unatafuta neno asali lenyewe. Kuna kimea maalumu kinaitwa kimea cha asali ambacho hakina hata tone la asali ndani, ni shayiri iliyoandaliwa mpaka ikatoa ladha inayofanana na asali. Sio utapeli, ni kimea kizuri sana na mafundi wengine wanatumia vyote viwili, ila wewe unayeandika rivyu unatakiwa ujue unaonja kipi. Angalia pia asilimia ya kilevi, nyingi za nyepesi zinacheza kati ya 4 na 5, mfano Honey Dew ya Fuller's ya London, ile ya chupa, ilikuwa asilimia 5. Ikiwa lebo imetaja asali ya maua gani au ya mkoa gani, andika kwenye daftari lako. Lebo nyingi hazisemi, jambo linalonisikitisha, maana asali ya miombo, ile nyekundu nzito inayotoka kwenye miti ya jamii ya miombo huko kwetu, na asali nyeupe ya migunga ni vitu viwili tofauti kabisa na vitaipa bia sura mbili tofauti.

Hatua ya 2: Jiandae wewe na meza

Usionje ukiwa umetoka kula pilipili, samaki wa kukaanga au kahawa, subiri saa moja hivi. Usipake manukato siku hiyo, na mishumaa ya kunukia au udi zima, hata kama ni mzuri. Asubuhi karibu na saa sita mi naona pua yangu inakuwa kali kuliko usiku nikiwa nimechoka, najua wengi hatunywi muda huo ila wikiendi ukiweza jaribu uone tofauti. Mezani weka maji ya kawaida yasiyo baridi sana, vipande vya mkate mweupe bila siagi, daftari na kalamu.

Na hiki hapa usikiruke: weka asali mezani. Kijiko kimoja kwenye kisosi, kama unazo asali mbili tofauti weka zote. Unanusa asali halisi kwanza, unalamba kidogo, unasukutua mdomo kwa maji, unasubiri dakika tano. Kumbukumbu yetu ya harufu ya asali imechanganyika na utamu kiasi kwamba wengi hatujawahi kuinusa asali kwa makini, tunaijua kwa ulimi tu. Ukiinusa taratibu utashangaa, kuna maua, kuna nta, kuna harufu kama ya majani makavu, na zile zinazorinwa kwa moto wa kienyeji zina moshi. Mi moshi huo nimewahi kuukuta kwenye bia, hafifu sana mwishoni, na nisingeujua kama sikuwa na kisosi pembeni.

Hatua ya 3: Glasi na ubaridi

Glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo ndo nzuri, hata ya mvinyo inafaa kabisa. Ioshe, isuuze sana mpaka sabuni yote itoke, iache ikauke yenyewe bila kufutwa na taulo la jikoni lenye mafuta. Ukimimina ukaona mapovu yameganda kwenye kuta za glasi chini ya bia ujue ilikuwa chafu, na povu la juu litakufa haraka, afu utamlaumu fundi bure. Usiweke glasi kwenye friza.

Bia yenyewe itoe kwenye friji dakika 10 mpaka 15 kabla, unataka iwe nyuzi 7 mpaka 10 hivi. Ikiwa baridi kama barafu hutasikia asali, kabisa kabisa, ubaridi unaziba harufu na unauficha mwili wa bia, yani uzito wake mdomoni. Kwa joto la Dar dakika 5 zinatosha.

Hatua ya 4: Kumimina na kutazama

Laza glasi, mimina taratibu mpaka katikati, kisha isimamishe umalizie ili upate povu la vidole viwili. Kama chini ya chupa kuna mashapo ya hamira acha kidogo cha mwisho. Ikifoka ikamwagika mezani yenyewe, hiyo ni dalili kwamba imeendelea kuchacha ndani ya chupa, na asali iliyoongezwa mwishoni bila kupimwa inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo chupa za namna hiyo zihifadhi kwenye baridi na usizitikise.

Kwa macho tumia sekunde chache tu. Shika glasi mbele ya karatasi nyeupe, andika rangi (majani makavu, dhahabu, chai ya rangi nyepesi), andika kama ni angavu au ina ukungu, na povu limekaa muda gani. Ukungu sio kosa. Rangi ya dhahabu pia haithibitishi asali, usiingie kwenye mtego huo, rangi ya eli nyepesi inatoka zaidi kwenye kimea.

Hatua ya 5: Pua

Hapa tukae, kwa sababu asilimia kubwa ya kazi iko hapa.

Nusa mara tu baada ya kumimina, mara mbili tatu za haraka haraka, kama mbwa anavyonusa, sio kuvuta pumzi ndefu. Andika neno la kwanza lililokujia hata kama unaona halina maana. Pumzika, nusa mkono wako wa shati, ule unaorudisha pua kwenye hali yake ya kawaida. Kisha funika glasi na kiganja, izungushe, fungua, nusa tena.

Sasa jiulize kwa mpangilio. Kimea kinanuka nini, mkate, biskuti, nafaka mbichi? Hopsi zinanuka nini, maua, majani, udongo, machungwa? Na hapa kuna ugumu, hopsi za Kiingereza kama East Kent Goldings zenyewe zina harufu laini ya maua inayokaribiana na asali, ndo maana mafundi wengi wanazipenda kwenye bia hizi, na ndo maana wewe usikimbilie kuandika asali. Harufu ya hopsi inakuja mapema, iko juu, na ina ubichi fulani kama nyasi. Ya asali inakaa chini zaidi, ina nta, na inaongezeka bia inavyopata joto. Kwa hiyo dawa ni kusubiri. Nusa saa hii, nusa baada ya dakika 10, nusa baada ya 20. Rudi kwenye kisosi chako mara moja tu katikati, usirudi rudi, utaizoesha pua.

Fundi ameweka asali lini? Hilo pua inaweza kukudokeza. Asali iliyochemshwa saa nzima pamoja na kimea inapoteza karibu manukato yote, inabaki kuongeza kilevi na wepesi. Iliyowekwa moto ukishazimwa, au kwenye pipa hamira ikishapunguza kasi, inabaki na maua yake mengi zaidi. Usiandike kwenye rivyu kwamba walichemsha, hukuwepo, ila unaweza kuandika kwamba harufu imebaki kidogo au nyingi.

Sasa ule mtego nilioutaja. Bia nyepesi yoyote ikizeeka, hata isiyo na asali hata chembe, hewa ya oksijeni ikishaingia inaanza kutoa harufu ya asali. Ndio, asali! Mtu anaonja bia iliyokaa mwaka mzima kwenye stoo ya joto anafurahi, "asali imejaa", kumbe anasifia uzee. Miaka ya mwanzo nilifanya hivyo mimi mwenyewe, nikaisifu bia moja sana, nikaja kuipata mpya kutoka kwa watu walewale nikakuta ni kitu kingine kabisa, kizuri zaidi na chenye maua. Namna ya kutofautisha: asali ya uzee imepooza, ni nzito, haina maua, inakuja na boksi lililolowa au mkate uliolala, na hopsi zimekufa. Asali ya kweli ina uhai na inakuja pamoja na hopsi zikiwa bado zinasikika. Ukiwa na shaka rudi kwenye tarehe. Na ukipata asali pamoja na siagi, ile ya bisi za sinema, kwenye bia mpya kabisa, hapo kuna uwezekano uchachishaji ulikatishwa mapema, kwa sababu hamira isiyomaliza kazi inaacha vitu viwili ndugu, kimoja kinanuka siagi na kingine kinafanana na asali.

Harufu nyingine za kuziangalia haraka: tufaa bichi la kijani ni bia changa, mahindi ya kuchemsha au kabichi ni tatizo la upikaji, siki ni vijidudu.

Hatua ya 6: Mdomo

Chukua fundo la wastani, lizungushe kwenye ulimi wote, meza. Kwenye bia unameza, hutemi, sababu uchungu wa hopsi unafika kileleni baada ya kumeza na ukitema unaukosa. Kaa kimya sekunde 15 au 20. Andika kilichotangulia, kilichofuata, kilichobaki.

Fundo la pili libane pua na vidole. Hili ni zoezi ninalolipenda kuliko yote. Ukiwa umebana pua, sikia utamu uliopo ulimini tu. Kisha achia pua ghafla ukiwa bado na bia mdomoni. Ule "utamu wa asali" ukija kwa kishindo wakati wa kuachia, basi ni harufu, akili yako inausoma kama utamu kwa sababu toka utoto umezoea vikija pamoja. Ukiwa umebana na bado ni tamu, basi kuna sukari kweli iliyobaki, ama ya kimea ama asali iliyoongezwa mwishoni. Rivyu inayosema "inanukia tamu ila ulimini ni kavu" inamsaidia mnunuzi kuliko sentensi kumi za sifa.

Fundo la tatu ni la mwili. Je ni nyepesi kama maji, inateleza kama maziwa, gesi inachoma au inapapasa? Wepesi hapa sio udhaifu, asali inaufanya kwa makusudi, kosa ni pale wepesi unapokosa kitu cha kuushikilia, uchungu ukaja peke yake mkavu wenye ukakasi kama ndizi mbichi. Eli ya asali iliyotulia inakuwa na mstari: mkate mbele, maua katikati, uchungu mfupi, afu unabaki na kitu kama umetafuna sega ukatema nta. Nikikuta huo mwisho wa nta nafurahi kweli kweli.

Mililita 100 mpaka 150 zinatosha kwa kazi yote hii. Kumbuka nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi safi, ukionja nne mfululizo ulimi haufanyi kazi tena na gari huendeshi. Tatu kwa siku ndo mwisho wangu, nikianza na nyepesi.

Hatua ya 7: Jijaribu bila kuona lebo

Muombe mtu wa nyumbani akumiminie glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya tofauti, eli ya asali na eli nyepesi ya kawaida yenye kilevi kinachokaribiana. Wewe tafuta iliyo tofauti. Kubahatisha tu unapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia siku kadhaa, usijisifu kwa mara moja. Ukishindwa kabisa kuzitenganisha, hiyo nayo ni habari ya kuandika: asali haisikiki.

Hatua ya 8: Andika

Andika siku hiyo hiyo. Anza na ukweli: jina, kilevi, tarehe ya chupa, ulinunua wapi na ilikuwa inatunzwaje, ulikunywa kwa ubaridi gani. Kisha pua, mdomo, mwili, mwisho. Maoni yako yakae chini, baada ya msomaji kujua ulichokikuta. Tumia maneno ya vitu tunavyovijua, mtu wa Mbeya akisoma "brioshi" hatapata kitu, akisoma "andazi la asubuhi" ananusa mara moja. Na maneno kama "nzuri", "kali", "safi" peke yake hayambebi mtu popote.

Kwa alama, mi natumia mgawanyo wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha majaji wa bia, jumla 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, jumla ya maoni 10. Naupenda kwa sababu macho yanapata 3 tu, yani povu zuri haliwezi kuibeba bia mbovu. Huu hapa mfano kutoka daftari langu, jina nimelitoa:

"Eli ya asali, 4.6%, chupa ya kahawia, wiki sita toka iwekwe, friji la duka. Nimeinywa nyuzi 9 hivi. Dhahabu yenye ukungu kidogo, povu jeupe limekaa dakika tatu. Pua: andazi, nyasi, mwanzoni asali sikuipata, baada ya dakika 10 ikaja maua ya mgunga na nta. Mdomo: kavu, nikibana pua hamna utamu, nikiachia unakuja. Uchungu mfupi, mwisho una ukakasi kidogo unaofunika nta mapema kuliko nilivyotaka. Nyepesi, gesi ya wastani. Anayetaka bia tamu hii sio yake. Anayetaka kitu cha mchana wa joto na samaki wa kuchoma, chukua. 9+3+14+4+7=37."

Unaona ukakasi nimeutaja na nimesema ulifanya nini, sio "mbaya". Fundi akisoma anajua pa kugusa.

Bia usiyoielewa usiihukumu kwa chupa moja. Nunua ya pili baada ya wiki mbili tatu, ikiwezekana tarehe nyingine, urudie bila kusoma ulichoandika mwanzo, kisha weka kurasa mbili pamoja. Zikikubaliana toa rivyu. Zikipingana sana, andika zote mbili na tarehe zake.